Mohoro: boma lilihama, mto ulihama, au sisi ndio tuliohama?

Mjukuu wa Kusini

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Nina swali la kijiji, wenye kupenda siasa mnisamehe. Mwezi uliopita nilikwenda Mohoro, Rufiji, kwenye arobaini ya bibi yangu mzaa mama. Sijazaliwa kule, nimelelewa Temeke, na kwa miaka yote Mohoro kwangu ilikuwa gunia la maembe linaloshushwa stendi na salamu nyingi. Safari hii nilikaa siku sita.

Sasa bibi alikuwa na neno lake. Mtu akimwambia anakwenda Utete kushughulikia karatasi za serikali, anacheka: "Serikali ilikuwa hapa, Utete imekwenda kwa miguu yake." Sisi tulichukulia ni majivuno ya kizee. Siku ya tatu mjomba akanipitisha njia ya nyuma ya msikiti, akaashiria kwa kidevu tu, bila kunyoosha kidole: "Kinjikitile walimnyongea hapa kwetu." Nikamwambia mjomba, mbona kazini kwetu kuna bwana anaapa huyo mganga wa Vita vya Maji Maji alinyongewa Kilwa? Akaniangalia kama nimemtukania mama yake.

Halafu kuna mto. Mimi Rufiji nimeuona kutoka juu ya daraja la Mkapa, ile bahari ya maji ya kahawia, abiria wote wanageuza shingo. Nikadhani Mohoro upo kwenye maji yale. Nikaomba nipelekwe mtoni. Nikapelekwa kwenye mto ambao mtoto wa darasa la nne anarusha jiwe likaangukia ng'ambo. Mtumbwi mmoja umefungwa kwenye mzizi, ndani yake bata wamelala. Nikauliza, Rufiji uko wapi? Mjomba akajibu, "Unakuja wenyewe ukitaka."

Wanaojua naomba mnisaidie. Mohoro iliwahi kuwa makao makuu kweli? Kinjikitile alinyongewa pale? Na kijiji kinachoitwa cha mtoni kinakuwaje mbali na mto wenyewe? Na mwisho, tuandike Mohoro au Muhoro? Nimeona yote mawili.

Mzawa wa Ikwiriri

Mkuu, makao makuu ya Rufiji ni Utete toka enzi na enzi. Hospitali ya wilaya Utete, halmashauri ilikuwa Utete. Mohoro ni kata tu. Wazee wa kule wanapenda sana sifa, hata nazi ya kwao wanasema ina maji mengi kuliko ya Mafia.

Mwalimu wa Madungu

Mzawa wa Ikwiriri, mwanangu, "toka enzi na enzi" ni maneno ya kutumia kwenye taarabu. Kwenye historia tutaje mwaka.

Marahaba Mjukuu, na poleni sana kwa msiba. Mimi si mzaliwa wa Mohoro. Nililetwa na barua ya uhamisho katikati ya miaka ya 1970, kijana, nikiwa na godoro la sufi na redio ya mbao, nikaapa sikai zaidi ya mwaka mmoja. Nimestaafia hapahapa. Kwa hiyo nitakujibu kama mgeni aliyezidiwa na wenyeji.

Bibi yako alisema kweli. Wajerumani walipoitawala Rufiji waliweka boma, yaani kituo chao cha utawala, Mohoro. Utete ilikuja baadaye. Ndiyo maana Kinjikitile Ngwale alinyongewa Mohoro, tarehe 4 Agosti 1905, na huyo bwana wa kazini kwenu anachanganya kwa sababu Nandete, mahali walipong'oa pamba ya mkoloni vita vikaanza, leo ipo wilaya ya Kilwa. Iweke hivi kichwani: mganga alikaa Ngarambe, vita vililipuka Nandete, kitanzi kilikuwa Mohoro. Sehemu tatu, na ukizitembelea zote utavaa viatu viwili viishe.

Nimefundisha habari hii mara nyingi, lakini mwanafunzi wa Mohoro haulizi kama mtoto wa mjini. Wa mjini atauliza, "Kwa nini waliamini maji yatazuia risasi?" Wa hapa hajawahi kuniuliza hilo hata siku moja. Yeye anajua kuwa maji ndiyo yanayoamua kila kitu. Yeye anauliza, "Mwalimu, alipozama kwenye lile bwawa la Ngarambe akaibuka kesho yake nguo zimekauka, mamba walikuwa wapi?" Ni swali zuri kuliko langu. Bwawa la huku bila mamba si bwawa.

Angalia na hiyo dawa yenyewe. Maji, mafuta ya mbarika, punje za mtama. Hakuna kitu cha kutoka mbali. Ni vitu vilivyomo nyumbani kwa kila mkulima, na jirani anayekuja "kuchukua dawa" hatofautiani na jirani aliyekuja kuomba mbegu. Watu walikwenda Ngarambe kwa makundi mchana kweupe. Walimkamata Kinjikitile katikati ya Julai, na masimulizi yanasema kabla ya kunyongwa aliwaambia wamechelewa, dawa imeshafika Kilosa na Mahenge. Chukua ramani uone. Mahenge ndiko maji yetu yanakotoka. Habari ilikuwa inapanda mto wakati maji yanashuka.

Kuhusu kwa nini Mohoro na si kwingine, tuanze na mto, maana hapo ndipo ulipokwama.

Mohoro haupo kwenye Rufiji. Upo kwenye mto Mohoro, unaotoka upande wa vilima vya Umatumbi na kwenda kuingia kwenye ghuba ya Mohoro, kusini mwa delta. Huo ndio mto wako wa bata. Rufiji wenyewe unapita kaskazini yetu. Ila katikati hapo hakuna kilima, hakuna ukuta, ni mbuga ya mpunga tupu. Rufiji ukijaa unafurika mbugani, unatembea polepole, siku ya kwanza uko kwenye shamba la fulani, siku ya tatu uko nyuma ya shule. Ndiyo maana ya "unakuja wenyewe ukitaka."

Kwa hiyo sisi tuna maji ya aina mbili, na mtu wa hapa anayajua kwa macho. Maji ya Umatumbi yanakuja usiku, kwa haraka, mekundu, yana vijiti na majani, kesho kutwa yamekwisha. Maji ya Rufiji yanakuja bila mvua. Jua linawaka, nguo kwenye kamba zimekauka, unashangaa mfereji unajaa. Hiyo ni mvua ya watu wengine: ya Kilombero, ya Iringa, ya Songea, imenyesha huko wiki kadhaa, sisi tunapokea bahasha. Mwaka wangu wa kwanza mzee mmoja jirani alikuwa na kijiti chenye alama za kisu, anakichomeka ukingoni jioni, asubuhi anakiangalia kabla hata ya kunawa uso. Nikamcheka moyoni, mimi na cheti changu cha jiografia. Wiki ile ile maji yaliingia chumbani kwangu yakachukua kiatu kimoja. Kimoja tu. Kile kingine nilikaa nacho miaka.

Jina langu hili la Madungu nimepewa na wanafunzi. Dungu ni kibanda cha shambani kinachoinuliwa juu ya nguzo. Mpunga unapandwa mvua za vuli zikianza, mwezi wa nne mafuriko yanaukuta umesimama, na unarefuka pamoja na maji. Wakati huo familia nzima inahamia kule. Chini maji, juu watu, kuku, moto wa kupikia kwenye udongo uliosiribwa, na mtumbwi umefungwa kwenye nguzo kama baiskeli. Mpunga ukianza kukomaa, watoto wanaamia ndege toka alfajiri, na usiku baba anapiga debe kufukuza nguruwe na viboko. Rejista yangu ya darasa miezi hiyo ilikuwa inatia aibu. Wanafunzi arobaini, wanahudhuria kumi na moja. Mkaguzi akaja, akaandika barua kali. Nikachukua ubao mdogo na chaki, nikapanda mtumbwi, nikawafuata hukohuko. Nilifundisha mikondo ya mito nikiwa nimekaa juu ya mkondo. Barua ya pongezi haikuja, lakini mchele ulikuja.

Maji yakishuka, mwezi wa sita hivi, kuna kilimo cha pili, tunakiita mlau. Unapanda mahindi, kunde, maboga kwenye tope linaloachwa, bila mvua yoyote, unyevu uliopo ardhini unatosha. Hii ndiyo akili ya Rufiji: shamba moja, misimu miwili, mbolea inaletwa na mto bure. Aliyeona mafuriko ni balaa tu hajala boga la mlau.

Na wapo walioona hivyo. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali ikaendesha Operesheni Rufiji, watu wakatolewa mbugani wakapelekwa vijiji vipya vya nchi kavu, wengi upande wa kaskazini. Nia ilikuwa njema, nasema hivyo kama mtu niliyekuwa mtumishi wa serikali ileile. Shule na zahanati zilipatikana. Ila shamba likabaki mbugani na mtu akawa juu, saa mbili au tatu za mguu. Aliyelala shambani kwenye dungu akilinda mpunga sasa analinda kwa kwenda na kurudi, na nguruwe hasomi ratiba. Miaka ya 2002 hadi 2004 simba walipokuwa wanakula watu Rufiji, wengi waliuawa wakiwa kwenye vibanda vya mashambani au njiani.

Vidole vimechoka. Habari ya boma nitarudi.

Nahodha Mstaafu wa Salale

Mwalimu umetaja ghuba ya Mohoro ukapita haraka. Hapo ndipo lilipo jibu la boma. Mzungu yule alikuja na nini? Alikuja na chombo. Hakukuwa na barabara ya lami wala daraja. Mji wa serikali lazima uwe mahali ambapo jahazi linafika, na barua kutoka Dar inafika. Kutoka baharini unaingia ghubani, unangoja maji yajae, unapanda nayo kati ya mikoko. Bamvua, maji yakijaa sana, unapita vizuri. Maji mafu, yakijaa kidogo tu, unakaa kwenye tope unahesabu kaa.

Delta hii si ya kuchezea. Mikoko yake ndiyo msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki. Boriti zilizoezeka nyumba za Uarabuni na Ghuba ya Uajemi zilikatwa kwetu, majahazi yanakuja na kaskazi yanaondoka na kusi. Babu yangu alikuwa akihesabu boriti kwa korija, ishirini ishirini, na hadi anakufa alikuwa anahesabu kila kitu hivyo, hata vikombe vya chai.

Na ile manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar Septemba 1914, ilikuja kujificha kwetu. Waingereza wakaitafuta na meli na ndege, karibu mwaka mzima. Mpaka walipoleta meli mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey, ndipo wakaifikia, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake kumi ikatolewa ikaenda kupigana bara. Mmoja nimeugusa kwa mkono wangu Mombasa, upo Fort Jesus. Nikamwambia mlinzi huu ni wa kwetu. Akaniambia kiingilio ni kilekile.

Mzawa wa Ikwiriri

Haya, naona nimekamatwa. Mwaka 1905 nimeukubali. Lakini Mwalimu, sasa Utete iliwashindaje?

Mwalimu wa Madungu

Hakuna aliyeshindwa, mwanangu, ila nitakupa maoni yangu. Utete ipo kwenye Rufiji yenyewe, juu ya ukingo mrefu wa kusini. Ukitaka kutawala bonde lote, pamba yake na kodi yake, ni afadhali ukae katikati ya bonde kuliko mlangoni. Mohoro ilikuwa mlango wa baharini. Vita vya Maji Maji viliwaonyesha Wajerumani kwamba hatari haiji na jahazi, inatoka bara. Hayo ni mawazo yangu, nimeyafikiria sana kwenye baraza, sijayakuta kwenye faili.

Na tazama, mambo hayakuishia Utete. Zamani basi la Kilwa lilikuwa linangoja kivuko Ndundu. Nimelala Ndundu usiku mbili nikiwa na mtihani wa wanafunzi ndani ya bahasha yenye lakiri, nikaifanya mto wa kulalia ili nisiibiwe. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, karibu kilomita moja ya zege, barabara ya kusini ikawa ndiyo mto mpya. Watu na maduka wakafuata lami. Ikwiriri yenu ikanenepa. Utete nayo ikaanza kulalamika iko pembeni, kama sisi tulivyolalamika. Bibi yake Mjukuu angecheka sana.

Mto nao haukukaa. Toka mwishoni mwa miaka ya 1970 maji matamu mengi ya Rufiji yanapitia matawi ya kaskazini ya delta. Nahodha atakuambia zaidi, nyie wa majini mliona kabla yetu.

Nahodha Mstaafu wa Salale

Tuliona kwa ulimi. Unachota maji ya kunywa mahali pale pale baba yako alipokuwa anachota, unakuta yana chumvi. Upande wa kaskazini ikawa kinyume, watu wakaanza kukata mikoko walime mpunga. Mto ukisogea hivi kidogo, huyu anapata shamba, huyu anapoteza kisima.

Dereva wa Kusini

Samahani wakuu, historia ni tamu lakini mmeruka Aprili 2024. Mimi napita njia ile kila wiki. Niliona mapaa ya nyumba yanaelea kama kofia. Shemeji yangu kapoteza ekari tatu za mpunga na ufuta. Hayo si ya kumletea mtu boga. Bwawa la Nyerere ndilo lililotumaliza, na mseme wazi.

Mwalimu wa Madungu

Dereva, pole kwa shemeji. Sijaruka, nilikuwa nasita, maana mwaka ule na mimi nilihama. Umri huu, nikabebwa mgongoni na kijana niliyewahi kumchapa kwa utoro.

Nitasema ninachokiona. Mvua za mwaka ule zilikuwa za El Niño, kubwa nchi nzima. Serikali ilisema sababu ni mvua, wananchi wengi wakasema ni maji yaliyofunguliwa bwawani. Bwawa lilianza kujazwa Desemba 2022, kwa hiyo lilikuwa bado changa, na lilipojaa maji yakaachiwa. Mafuriko makubwa tulikuwa nayo kabla hakujachimbwa hata jiwe moja kule juu, 1968, 1974, 1998. Siwezi kusema bwawa ndilo liliyaleta. Ila lipo jambo moja ambalo mhandisi hawezi kulipima na mimi naweza. Zamani kijiti cha yule mzee kilikuwa kinafanya kazi. Maji yalipanda kwa hesabu, alama moja, alama mbili, watu wanahamisha mbegu kwanza, kuku, halafu wazee. Sasa kijiti hakisemi kitu, kwa sababu juu kuna mkono wa mtu kwenye bomba. Nataka umeme, nyumbani kwangu taa inawaka ninapoandika haya. Nataka pia mtu wa bwawani apige simu kijijini kabla hajazungusha bomba, na iwe ni kazi yake, si hisani.

Na kuna la pili, hilo halitangazwi redioni. Mwaka ambao maji yanazuiwa sana, mbuga haifuriki na mlau haupo. Mwaka huo hakuna waandishi wa habari wanaokuja.

Mjukuu wa Kusini

Mwalimu, Nahodha, nashukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Nimemsomea mama uzi huu kwa simu, sentensi kwa sentensi. Kwenye habari ya kijiti akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Akasema, "Muulize huyo mwalimu kama ndiye aliyekuwa na kiatu kimoja."

Halafu kumbe kijiti kipo. Kimechomekwa kwenye makuti juu ya mlango wa jikoni kwa bibi, nilikiona nikafikiri ni mwiko uliovunjika. Mjomba amenitumia picha sasa hivi. Nimehesabu alama kumi na saba upande mmoja, upande wa pili kuna tano zimekatwa kwa kina kuliko zingine. Mjomba hajui ni za mwaka gani.

Mwalimu wa Madungu

Ndiye mimi. Mwambie mama yako marahaba, na kwamba alikuwa hodari wa hesabu lakini mwandiko ulikuwa wa kuku.

Kwa hiyo yule mzee jirani ni babu yako. Zile tano nilikuwepo anazikata. Kila alama ni usiku mmoja uliopanda maji zaidi ya kiganja. Usiku wa sita hakukata, tulikuwa kwenye mtumbwi, mama yako akiwa mdogo amekaa juu ya godoro langu la sufi ili lisilowane, kana kwamba uzito wake ungesaidia. Mwambie mjomba asikitoe pale, moshi wa jikoni ndio unaokilinda na mchwa.

Na swali lako la mwisho hatujalijibu. Ofisini wanaandika Mohoro. Dereva wa basi na konda wake wanasema Muhoro. Ukitaka mjomba akupokee vizuri, sema Muhoro. Ukitaka cheti cha kuzaliwa kisirudishwe, andika Mohoro, halafu nenda nacho Utete.

Mzawa wa Ikwiriri

Ila kuhusu nazi siondoi neno.